Kalamu ya John T. McCutcheon na Safari ya Neno

Katika historia ya magazeti, mchoraji alimtangulia mpiga picha. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa vigumu kuchapa fotografia kwenye karatasi duni ya gazeti. Hivyo mwandishi alipotumwa kutafuta habari, aghalabu alifuatana na mchoraji. Hiyo ndiyo kazi aliyoianza John T. McCutcheon, mzaliwa wa Indiana, Marekani (1870), alipohamia Chicago mwaka 1889 baada ya kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Purdue. Mwaka 1898 alishuhudia mapigano ya ghuba ya Manila. Mwaka 1903 alijiunga na gazeti la Chicago Tribune, akalichorea katuni hadi alipostaafu mwaka 1946.

Mwaka 1909 alifika Afrika Mashariki pamoja na Carl Akeley, aliyekuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho. Matunda ya ziara hiyo ni kitabu *In Africa* (1910), chenye fotografia na katuni. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kitabu hicho kina umuhimu wa pekee. Neno *safari*, ambalo kwa Waswahili ni mwendo wowote, uwe wa biashara, wa hija au wa kuzuru jamaa, lilifinywa katika maandishi ya aina hiyo hadi likamaanisha msafara wa mwindaji wa Kizungu. Wapagazi waliojitwika mizigo ya ratili 60 hivi wamo katika masimulizi, lakini msimulizi ni mwindaji. Wao hutazamwa zaidi kuliko wanavyosikilizwa.

Si kwamba McCutcheon hakujua kumpa mnyonge kauli. Katuni yake ya mwaka 1931, iliyompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 1932, inamwonyesha mtu aliyefilisishwa na kuanguka kwa benki, ameketi bustanini. Kindi anamwuliza kwa nini hakuweka akiba wakati wa neema. Mtu yule anajibu kwa ufupi kwamba aliweka. Jibu hilo linaielekeza lawama kwa benki.

Mpagazi wa mwaka 1909 hakupewa nafasi kama hiyo. Kwa hiyo, anayechunguza historia ya neno *safari* hana budi kuuliza si tu lilivyoingia katika Kiingereza, bali pia ni nani aliyelibeba, na ni nani aliyelisimulia.