Ardhi ya Wenyewe, Kalamu ya Mwingereza

Barua ya Balfour ya tarehe 2 Novemba 1917 ina maneno 67 tu kwa Kiingereza. Shangazi yako hutuma ujumbe mrefu kuliko huo kwa grupu ya familia kila Jumapili. Ndani yake Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, anamwambia Lord Rothschild kwamba serikali inaunga mkono Wayahudi kupata "makao ya kitaifa" huko Palestina, mradi haki za kiraia na za kidini za jamii zisizo za Kiyahudi zilizoko huko zisiguswe.

Hebu isome tena hiyo sehemu ya mwisho. Waarabu walikuwa takriban watu tisa kati ya kila kumi nchini humo, na barua haiwataji hata kwa jina. Ni "wasio Wayahudi". Haki zao ni za kiraia na za kidini. Za kisiasa je? Hazimo.

Halafu kuna jambo lingine. Siku hiyo Palestina bado ilikuwa ya dola ya Waturuki. Jenerali Allenby hakuingia Yerusalemu hadi Desemba. Kwa hivyo Balfour alikuwa anaahidi kitu ambacho hakuwa nacho mkononi, na si mara yake ya kwanza kuahidi ardhi ya wengine. Mwaka 1903, yeye akiwa waziri mkuu, serikali yake iliwaahidi Wazayuni ardhi Afrika Mashariki. Vitabu huuita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, pale Eldoret ilipo leo. Rasimu ya mkataba iliandikwa na kampuni ya mawakili ya David Lloyd George, yuleyule aliyekuwa waziri mkuu 1917. Wanandi na Wamaasai, kama kawaida, hawakuulizwa.

Wazayuni waliikataa Uasin Gishu mwaka 1905, na hapo ndipo utaelewa uzito wa dai lao. Mauaji ya Wayahudi ya Kishinev yalikuwa yametokea Aprili 1903. Watu walikuwa wanakimbia kuokoa maisha. Hata hivyo wajumbe wa kutoka Urusi, nchi hiyohiyo ya Kishinev, ndio walioongoza kupinga. Hawakutaka ardhi yoyote tu yenye mvua. Walitaka ile ya mababu zao, ile inayotajwa katika sala zao. Unaweza kukataa kwamba kumbukumbu ni hatimiliki, lakini huwezi kusema walitafuta mahali popote pa kunyakua. Na mwaka 1922 Ligi ya Mataifa iliidhinisha hati ya kumpa Mwingereza udhamini wa Palestina. Hati hiyo ilibeba ahadi ya Balfour na kutambua uhusiano wa kihistoria wa Wayahudi na nchi hiyo. Tangu hapo wakili wa upande wao hakutegemea barua tu. Alikuwa na hati ya kimataifa.

Wakili wa Waarabu naye ana barua yake, tena ya mapema zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1915, Henry McMahon, mwakilishi wa Uingereza huko Misri, alimwandikia Sharifu Hussein wa Makka akiahidi kuunga mkono uhuru wa Waarabu wakiasi dhidi ya Waturuki. Alitoa nje maeneo yaliyo magharibi ya "wilaya" za Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Ndiyo, wilaya, neno tulilolikopa hata sisi, na hapo ndipo fujo ilipoanza. Waingereza walidai baadaye kwamba wilaya ni mkoa mzima wa Kituruki, na ule wa Damascus ulishuka hadi kusini kabisa, basi Palestina iko magharibi yake. Waarabu wakauliza: mkoa wa Homs ulikuwa wapi? Wa Hama je? Haikuwepo mikoa hiyo. Wilaya hapo ni mji na viunga vyake, na magharibi ya miji hiyo minne kuna Lebanoni na pwani ya Syria. Palestina iko kusini. Mimi naona hoja hii ina nguvu zaidi. London haikuchapisha rasmi barua hizo hadi 1939.

Huku chini, shambani, kulikuwa na karatasi za aina nyingine. Sheria ya ardhi ya Waturuki ya 1858 ilitaka mashamba yasajiliwe. Wakulima wengi waliogopa kodi na kuandikishwa jeshini, basi ardhi ikaandikwa kwa majina ya matajiri. Familia ya Sursock ya Beirut iliuza mashamba makubwa ya bonde la Marj Ibn Amir kwa Wayahudi katika miaka ya 1920. Mnunuzi alilipa, akapata hati halali. Mkulima aliyezaliwa hapo akaambiwa ahame.

Novemba 29, 1947 Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio 181 la kuigawa nchi: kura 33 kwa 13, kumi wakijizuia. Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya watu. Dola yao ikapangiwa zaidi ya nusu ya ardhi, ingawa sehemu kubwa ilikuwa jangwa la Negev. Kabla ya hapo, kamatini, Waarabu walitaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe: kwani Umoja wa Mataifa una mamlaka ya kulazimisha mgawanyo huo bila ridhaa ya wakazi? Swali hilo lilikataliwa kwa kura 21 dhidi ya 20.

Mwaka uliofuata Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au wakafukuzwa. Tangazo la kuundwa kwa Israeli, Mei 14, 1948, linataja Azimio 181 kama msingi wake. Waarabu walikuwa wamelikataa. Lakini Novemba 15, 1988, Yasser Arafat alipotangaza dola ya Palestina huko Algiers, tangazo lake nalo lilitaja azimio lilelile kama chanzo cha uhalali.

Mahakama ya Haki imekuja kuulizwa kuhusu Palestina baadaye: mwaka 2004 kuhusu ukuta, na mwaka 2024 kuhusu ukaliaji, ambao ilisema ni kinyume cha sheria. Lile swali la 1947, lililoanguka kwa kura moja, halijawahi kufikishwa mbele yake.