Kukabidhi Si Kurejesha

Ng'ombe aliyepotea akionekana Oltepesi, Kajiado, kando ya barabara ya Magadi, hurejeshwa kwa mwenyewe. Anayegombaniwa na watu wawili hukabidhiwa chifu mpaka kesi isikizwe. Sheria za kimataifa zina tofauti ya namna hiyo, na vyombo vya habari vya Kiswahili huivuruga karibu kila mara rais wa zamani wa nchi fulani anapokamatwa.

Kifungu cha 102 cha Mkataba wa Roma, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kimeyatenga maneno mawili. Nchi ikimtoa mtu kwa nchi nyingine, Kiingereza huita extradition; ikimtoa kwa mahakama yenyewe, huita surrender. Kwa la kwanza kuna urejeshaji wa watuhumiwa, uhamishaji, na hata ubadilishanaji wa wahalifu, jina linalomfanya msomaji asubiri mtu wa pili aletwe upande huu! La pili lafaa liwe kukabidhi. Omar al-Bashir wa Sudan, aliyetakiwa na ICC, hangeweza "kurejeshwa" The Hague, makao ya mahakama hiyo, mji ambao hakutoka.

Bashir huyo alikuwa bado rais, na hati mbili za kukamatwa zikimngoja, alipotua uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, tarehe 27 Agosti 2010 na kupelekwa Uhuru Park kushuhudia Katiba mpya ya Kenya ikizinduliwa. Hakuna aliyemgusa. Ilhali Bunge la Kenya lilikuwa limepitisha Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa mwaka 2008, inayoeleza jinsi mshukiwa anavyokamatwa na kukabidhiwa ICC. Desemba 2010, siku chache baada ya Wakenya sita kutajwa kuwa washukiwa na mwendesha mashtaka wa ICC, Luis Moreno-Ocampo, wabunge walipitisha hoja ya Isaac Ruto wa Chepalungu ya kuitaka Kenya ijiondoe kwenye Mkataba wa Roma. Kumkabidhi mtu ni rahisi mpaka awe wa kwenu.

Bunge lililolichokonoa neno hili kwa bidii zaidi liko mbali na Kajiado. Rodrigo Duterte, rais wa zamani wa Ufilipino, alikamatwa kwa hati ya ICC katika uwanja wa ndege wa Manila tarehe 11 Machi 2025 na kupakiwa kwenye ndege siku hiyo hiyo kuelekea The Hague. Siku tisa baadaye kamati ya Seneti ya mambo ya nje, chini ya Imee Marcos, dada wa rais aliyeko madarakani, iliwaweka kitako mawaziri na wakuu wa polisi. Kwa nini hakupelekwa kwanza mbele ya jaji wa nyumbani? Ufilipino si ilikwisha kujitoa ICC tangu Machi 2019?

Serikali ilishikilia kifungu cha 17 cha sheria ya Ufilipino ya mwaka 2009 kuhusu uhalifu wa kimataifa. Kifungu hicho kimeyaweka maneno yote mawili katika sentensi moja: mamlaka yanaweza kumkabidhi mshukiwa kwa mahakama ya kimataifa, au kumrejesha kwa nchi nyingine kwa kufuata mikataba ya urejeshaji. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika "kurejeshwa" pande zote mbili amewanyima wasomaji wake kiini cha ugomvi, maana kurejesha huwa na mlolongo wake wa mikataba na mahakama, na swali la Manila lilikuwa iwapo kukabidhi nako kunauhitaji.

Kenya jaji hakwepeki: hati ya ICC hupitia Mahakama Kuu. Ndiko Jaji Nicholas Ombija alikoagiza, Novemba 2011, Bashir akamatwe akikanyaga tena nchini, na Khartoum ikaamuru balozi wa Kenya aondoke. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2018 kwamba Kenya ilikosea kumwacha aondoke. Mwaka uliofuata jeshi lake likampindua, na Agosti 2021 baraza la mawaziri la Sudan likaamua akabidhiwe. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, alikuwa bado Sudan.