Hodi ya Ziwani

Chombo nacho hupiga hodi. Jahazi likiingia maji ya watu hupeperusha bendera ya kwao tezini, na ya mwenyeji mlingotini, upande wa kulia. Ustaarabu huo! Sasa teremka toka Mpepai hadi Ziwa Nyasa. Mwenyeji ni nani? Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliweka mpaka ufukweni kwetu. Malawi inaushikilia, Tanzania inasema mpaka ni katikati ya maji. Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani pale Liuli. Bendera zao zilishateremshwa zamani. Ugomvi wa mstari wao tumeachiwa sisi. Mvuvi wa Liuli akitweka tanga, ampigie nani hodi, naye yuko kwao?