Pango nafuu la tovuti yenye hifadhidata: Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

Mfanyabiashara wa vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anayetaka wateja wa Kisii au Garissa waagize bidhaa kupitia intaneti, huhitaji vitu viwili ambavyo mara nyingi huuzwa kana kwamba ni kimoja. Cha kwanza ni jina la tovuti, kwa mfano linaloishia na .co.ke, ambalo husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa na KENIC, shirika linalosimamia majina yote ya .ke. Cha pili ni nafasi katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambamo kurasa na kumbukumbu za biashara hukaa.

Jina hilo halina budi kusajiliwa kwa niaba ya biashara yenyewe. Wengi humwachia fundi aliyewaundia tovuti, naye akajiandikisha kuwa mmiliki. Siku wakikosana, biashara hupoteza anwani iliyokwisha kuchapishwa kwenye risiti na mabango yake.

Tovuti yenye hifadhidata hutofautiana na ile ya kurasa zisizobadilika. Kila mteja anapotafuta breki za Probox, programu, aghalabu iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, huiuliza hifadhidata kama MySQL au MariaDB, nayo hutoa bei na idadi iliyosalia. WordPress, iliyozinduliwa mwaka wa 2003, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Programu hizi ni huria na hazilipiwi. Kinacholipiwa ni pango la seva. Hata hivyo, mwenye bidhaa thelathini ambazo bei zake hazibadiliki hana haja ya hifadhidata, na anayemshawishi ainunue anamwongezea gharama bure.

Njia ya bei ya chini zaidi ni seva ya pamoja, ambapo tovuti nyingi hugawana kompyuta moja mithili ya wapangaji wa ploti yenye mfereji mmoja. Kwa duka dogo, nafasi hiyo hutosha. Kasoro yake ni kwamba tovuti ya jirani ikilemewa na wageni, nyingine nazo huenda zikakokota. Aidha, ahadi ya nafasi "isiyo na kikomo" isiaminiwe upesi, kwa maana masharti ya mkataba huweka mipaka ya idadi ya faili, kumbukumbu ya kompyuta na maombi yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Hifadhidata ndiyo hugonga mipaka hiyo kwanza.

Biashara ikikua, hatua inayofuata ni seva pepe. Hapa mteja hutengewa sehemu yake ya kompyuta, lakini yeye ndiye hubeba mzigo wa kusasisha programu na kuziba mianya ya wadukuzi. Asiye na fundi wa kutegemewa atakuwa amejinunulia taabu.

Kuhusu bei, tangazo huonyesha malipo ya mwaka wa kwanza. Bei ya kuhuisha mkataba, ambayo huweza kuwa maradufu, huandikwa kwa herufi ndogo. Kampuni nyingi za ng'ambo hutoza kwa dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ilipita Sh160 kabla ya shilingi kuimarika hadi karibu Sh130 baadaye mwaka huo, na pango lilipanda na kushuka sambamba. Kampuni za humu nchini hutoza kwa shilingi na nyingi hupokea M-Pesa.

Mahali ilipo seva pia ni muhimu. Mnamo Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Tovuti iliyo kwenye seva ya Nairobi huweza kumfikia mteja wa Kenya bila kuvuka bahari. Iwapo wateja wengi wako Ulaya, hoja hiyo hugeuka.

Muuzaji wa pango aulizwe toleo la hifadhidata analotumia. Msaada kwa MySQL 5.7 ulikoma Oktoba 2023, na anayeendelea kuitoa amezembea. Cheti cha usalama nacho kisilipiwe pasipo sababu, kwani Let's Encrypt hukitoa bila malipo. Pasipo cheti, hata kuunganisha tovuti na malipo ya M-Pesa kupitia mfumo wa Daraja hakuwezekani.

Swali lililo zito kuliko yote ni la nakala za akiba: huchukuliwa mara ngapi, na hukaa wapi? Nakala iliyo kwenye seva ile ile huangamia pamoja nayo. Mwenye duka apakue yake kila wiki, na mara moja moja ajaribu kuirejesha, kwani faili lisilofunguka si akiba. Majina na nambari za simu za wateja zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka mwenye biashara, wala si mwenye seva, amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72.