Mlima Kenya Ulichorwa kwa Moto: Stori ya Barafu ya Lewis

Wasee wa Nyeri, Nanyuki na Karatina, huu mlima mnauona kila asubuhi mawingu yakitoka. Lakini mnajua ushawahi kuchorwa kwa moto? Cheki vile ilienda.

Nani alichora?

Ni mpiga picha Mwingereza anaitwa Simon Norfolk, mwaka wa 2014, akiwa na Project Pressure, shirika linalopiga picha barafu za dunia zikiisha. Kazi yake inaitwa When I Am Laid in Earth.

Alifanya aje?

Alipanda hadi barafu ya Lewis, kando ya njia ya Naro Moru ukielekea Point Lenana. Usiku akaacha kamera ikiwa wazi kwa muda mrefu, akawasha mwenge wa petroli, akatembea polepole juu ya mawe. Kwa picha yeye haonekani, ni mstari wa moto tu.

Huo mstari unafuata ukingo wa barafu vile ulikuwa zamani: picha moja ni ya 1934, ingine 1963, ingine 1987. Barafu yenyewe iko kule nyuma, imebaki kadogo. Hiyo nafasi ya katikati ndio stori yote. Na ni noma kwamba moto ulitoka kwa petroli, maana kuchoma mafuta ndiko kunapasha dunia joto.

Na sauti je?

Mwaka wa 2007, msanii Katie Paterson kutoka Uskoti aliweka maikrofoni majini kwa barafu ya Vatnajökull, Aisilandi, akaiunganisha na laini ya simu. Ulikuwa unapiga namba, unasikia barafu ikiyeyuka laivu. Usipopiga, husikii kitu.

Inakuhusu aje?

Tusidanganyane: maji mengi ya Tana na Ewaso Nyiro hutoka kwa mvua na msitu, si barafu. Mfereji wako hautakauka juu Lewis imeisha. Lakini barafu huonyesha mapema vile joto na mvua vinabadilika, na hiyo mvua ndio inalisha majani chai, kahawa na viazi za kwenu.

Kati ya 1934 na 2010, Lewis ilipoteza karibu asilimia 90 ya barafu yake. Mwaka wa 2022, UNESCO ilisema barafu za Mlima Kenya na Kilimanjaro zitakuwa zimeisha kufikia 2050.

Kwa hivyo muulize guka wako mlima ulikuwa mweupe aje akiwa kijana. Halafu toa simu, upige picha leo. Mwaka ujao rudi usimame hapo hapo, upige ingine.