Sir Elvis

Sir Elvis (jina halisi Elvis Otieno) ni mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka Kenya. Alizaliwa mwaka 1977, mwaka aliofariki Elvis Presley, na akapewa jina lake. Hata hivyo, sauti yake nzito na ya taratibu humkumbusha msikilizaji zaidi Jim Reeves na Don Williams, ambao nyimbo zao huziimba katika kumbi za Nairobi.

Mtindo anaouenzi ulikomaa katika vilabu vya pombe vya Texas na Oklahoma miaka ya 1930 na 1940: gitaa la chuma, fidla, na maneno ya wazi kuhusu mapenzi yaliyovunjika. Hank Williams (1923–1953) ndiye kinara wake.

Ni kosa kuuona muziki huu kama mgeni wa jana nchini Kenya. Sahani za santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, zilifika mapema, na mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha", jina walilompa Rodgers. Gitaa likazidi kukita mizizi: Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta na mwimbaji aliyeipa umaarufu "Malaika", ni wa kizazi kilicholifanya kuwa chombo cha nyumbani. Wimbo huo wa polepole, wa mpenzi aliyekwamishwa na ukosefu wa mali, una huzuni ambayo shabiki yeyote wa kantri ataitambua mara moja.