Asili ya Neno “Peradventure”

Asomaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hulikuta neno “peradventure”, ambalo Waingereza wa leo hawalitumii ila kwa nadra. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, lugha iliyoenea Uingereza baada ya Wanormani kuishinda nchi ile mwaka 1066. Maana yake ni “kwa litukialo”, na shina lake ni kitenzi cha Kilatini cha kujia. Katika Mwanzo 18 limo mara sita, Ibrahimu akiuombea mji wa Sodoma, tangu wenye haki 50 hata 10. Tukilifasiri kuwa shaka tupu, twaupoteza unyenyekevu wa mwombezi asiyethubutu kudai. Neno letu “huenda” lafaa: wao walitazama lijalo, sisi twatazama liendalo, wala hakuna kati yetu ajuaye mwisho wake.